Kima cha Maji

Juu ya Kangema, mahali mashamba ya chai yanapoishia na msitu wa Nyandarua kuanza, wanyama walikuwa na banio lao kwenye kijito kimoja kinachoteremkia mto Mathioya Kusini. Walilijenga baada ya kiangazi kirefu. Nyati walisukuma mawe, Fuko na ukoo wake wakachimba mtaro kuambaa ubavu wa kilima, Nungunungu wakatoa miiba ya kushonea magunia ya mchanga. Mdomoni mwa mtaro pakawekwa lango la mbao la kupandisha na kushusha. Chini kabisa, karibu na tangi, pakawekwa valvu ya chuma ya kumwaga maji ya ziada yarudi mtoni. Namna ya kulitumia banio ilielezeka kwa pumzi moja: kijito kikijaa, shusha lango ili maji ya mafuriko yasiingie mtaroni, na kama yameshaingia, zungusha gurudumu la valvu ya chini yatoke. Kila aliyebeba jiwe alilijua hilo.

Lakini waliobeba mawe huzeeka. Zamu zingepita mikononi mwa wengine, baadhi yao wageni wasiokijua kijito hicho kinavyogeuka sauti mvua inaponyesha juu msituni. Kwa hiyo baraza, lililokutana chini ya mugumo, likaamua kazi ya banio iandikwe. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na sitaki msomaji audharau kwa sababu ya yaliyofuata. Maandishi ndiyo njia ya mjuzi kumsaidia mtu asiyemjua, saa ambayo mjuzi mwenyewe hayupo.

Wakamchagua Mbega. Aliyewahi kumwona mbega ataelewa kwa nini: joho jeusi, pindo jeupe kutoka begani hadi kiunoni, ndevu nyeupe zilizouzunguka uso, na ngurumo ya alfajiri inayoamsha bonde zima. Mbega hushuka chini mara chache sana. Majani yake, kivuli chake na usingizi wake viko juu ya miti. Aliandika maagizo ya banio akiwa juu ya mti wa podo, akayashusha kwa kamba ya mzabibu mwitu, na baraza likayapigilia kwenye gogo kando ya lango. Yalikuwa mistari sita tu: Pima kima kila alfajiri. Kupanda kwa kima: funga. Mvua kubwa: fungua valvu ya chini. Mvua ikipungua: punguza robo. Mfereji usafishwe kila wiki. Mlinzi anaweza kuondoka 8:00.

Wazee wakausifu ufupi wake. Hakuna aliyeuliza swali, kwa kuwa wote waliokuwa pale walikuwa wamebeba mawe.

Msimu uliofuata zamu ilikabidhiwa Nyati kijana aliyehamia kutoka upande wa Kinangop, ng'ambo ya safu ya Nyandarua. Alikuwa na nguvu, hakuwa mvivu, na alikuwa na heshima kubwa kwa kitu kilichoandikwa. Akapewa Sungura awe karani, Pongo awe msaidizi wa lango, na Fuko fundi. Asubuhi ya kwanza Nyati alisimama mbele ya gogo, akasoma mstari wa kwanza mara mbili, kisha akaenda moja kwa moja kwenye mti ambao Kima aliishi na mkewe.

"Bwana Kima, teremka upimwe."

"Nipimwe nini, ndugu yangu?"

"Imeandikwa. Kila alfajiri."

Kima ni mnyama wa kawaida katika misitu hiyo, na huyu alikuwa mpole kuliko wengi. Alidhani baraza limeanza kujali afya za wananchi. Akateremka, akajinyoosha juu ya jani la mgomba, Nyati akampima kwa ukambaa kutoka utosini hadi ncha ya mkia, Sungura akaandika daftarini. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Kwa kuwa Kima alikuwa mtu mzima na hakuwa akirefuka, Sungura alichoka kuandika urefu ule ule, akawa anaandika maneno mawili: "Kima: vilevile."

Daftari lilipelekwa kwa baraza kila mwisho wa wiki. Wazee walisoma "Kima: vilevile", wakafurahi kwamba maji ya kijito yametulia. Hapa ndipo nataka msomaji anyamaze nami kidogo. Aliyepima alikuwa mwaminifu. Aliyeandika daftari aliandika kweli. Waliosoma daftari walilisoma kwa makini. Na kwa wiki nzima nzima hakuna mtu katika kilima kile aliyekuwa akiyatazama maji.

Mwezi wa Aprili mvua ndefu zilianza kwa manyunyu, na tini za mugumo zikaiva kwenye matawi ya juu kabisa. Kima akapanda kuzichuma, jinsi baba yake na babu yake walivyopanda. Pongo alimwona. Akakimbia kwenye gogo, akausoma mstari wa pili kwa sauti, akarudi na Nyati na kamba. Walimshusha Kima, wakamfunga mikono, wakamweka ndani ya pango la zamani la Nungunungu na jiwe mlangoni. Mkewe alikuja akilia, akiuliza kosa. Nyati hakuwa katili. Alimwambia, "Mama, mimi sina ugomvi na mzee wako. Kupanda kwa kima, funga. Njoo usome mwenyewe." Mkewe akasoma. Hakupata la kusema, maana ndivyo ilivyoandikwa.

Jioni hiyo Sungura aliandika taarifa ya dharura kwa baraza: "Kupanda kwa kima kumeonekana. Tumefunga." Wazee wakapumua. Waliona kwamba mwongozo unafanya kazi, na kwamba lango limeshushwa kwa wakati. Wakatuma salamu za pongezi kwa Nyati.

Kuna redio pale Kangema, RANET FM, iliyowekwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ili habari za mvua ziwafikie wakulima kwa Kikuyu, lugha ya nyumbani. Nimetaja redio hiyo kwa sababu naiheshimu. Mtaalamu anayetoka na ramani zake na kukaa mbele ya maikrofoni, akamwambia mkulima wa Kanyenya-ini jambo la mvua kwa maneno ya jikoni kwake, amefanya kazi ambayo Mbega hakuifanya. Bundi hulala kwenye paa karibu na hapo, na kesho yake alisikia tangazo: mvua kubwa usiku, wanaoishi kwenye miteremko wachukue hadhari. Akaruka hadi kwenye banio mchana kweupe, jambo ambalo bundi halifanyi bila sababu.

Nyati alimshukuru, akaenda kwenye mstari wa tatu. Mvua kubwa: fungua valvu ya chini. Akamwita fundi.

Fuko ni fundi wa kweli. Ukimwambia fundi wa Murang'a au wa Nyeri afungue injini, hatakuuliza maana. Ataleta spana, na baada ya saa moja injini yako itakuwa vipande juu ya gunia, kila boliti mahali pake. Fuko aliifungua valvu hivyo. Alitoa gurudumu, akatoa shina, akatoa kifuniko, akatoa mpira wa kuzuia maji, akavipanga kwenye nyasi kwa utaratibu wa kupendeza, akapaka mafuta panapohitaji mafuta. Pale valvu ilipokuwa aliziba kwa kibao cha muda, kwa sababu hakuna fundi anayeacha tundu wazi.

Pongo naye, ambaye zamu yake ilikuwa ya kulinda lango la juu, alitazama mstari wa sita. Mlinzi anaweza kuondoka 8:00. Kwa Pongo tarakimu 8 ni saa nane, na saa nane mchana alikuwa ameshafika nyumbani kwake. Mbega, aliyesoma na kuzoea saa za Kizungu, alikuwa amekusudia saa mbili usiku, tena baada ya mwenzake kufika.

Mvua iliteremka baada ya jua kutua. Kijito kilipanda hadi ukingoni na kuingia mtaroni kupitia lango ambalo halikuwahi kushushwa. Mtaro ulikuwa umejaa majani, kwa sababu Tumbili, aliyepewa kazi ya mstari wa tano, alikuwa akisafisha mfereji kila Jumamosi bila kukosa: alikuwa akiung'arisha ule mfereji wa pale tangini ambao wanyama hukinga maji. Maji yaliposhindwa kupita yalitafuta pa kutokea. Yakamwagika juu ya ukingo wa mtaro, yakazama kwenye udongo mwekundu wa kilima kile. Udongo huo ni wa kina kirefu, unapendwa na chai, na ukishiba maji juu ya mteremko mkali huachia. Usiku wa manane ubavu wa kilima uliachia. Pango la Sungura lilikwenda, na shina la mti wa Pelele, na handaki za Fuko mwenyewe. Vifaranga vitatu vya Kwale, aliyekuwa ametaga kwenye nyasi chini ya mtaro, havikuonekana tena. Kima alinusurika kwa sababu jiwe la mlangoni liliviringishwa na matope, akatoka mikono ikiwa bado imefungwa.

Asubuhi kila mmoja alikuwa na mtu wa kumlaumu, na wote waliolaumiwa walikuwa wale walioshika zana.

Kesi ilisikilizwa chini ya mugumo, mbele ya Ndovu mzee ambaye msitu mzima unamwita Shosho. Walishtakiwa Nyati, Pongo, Fuko na Tumbili kwa uzembe, na Kima kwa kupanda. Ndiyo, hata Kima. Jina lake lilikuwa kwenye daftari, na kuliondoa kulihitaji uamuzi. Mbega hakushtakiwa. Aliitwa kama shahidi wa kitaalamu, akapewa kigoda.

Alizungumza vizuri. Alisema kwamba kima ni kipimo cha maji, jambo linalojulikana na kila aliyesoma. Kwamba kufunga ni kuzuia maji, na kufungua ni kuyaachia. Kwamba mfereji ni mtaro wa maji, kama kamusi zote zinavyosema. Alisema kwamba tatizo la msitu huu ni wasomaji. "Wangefahamu Kiswahili," alisema, "vifaranga wale wangekuwa hai."

Mama Kwale alikuwepo. Hakusema kitu.

Shosho Ndovu akamwuliza, "Mwanangu, hilo neno kima, kwa nini hukuandika kima cha maji?"

"Niliandika, Shosho, katika nakala ya kwanza. Nikaondoa. Kila mtu alijua ni ya maji."

"Kila mtu yupi?"

"Wote waliokuwepo barazani."

"Waliokuwepo barazani walihitaji mwongozo?"

Mbega alifikiri. Kwa haki yake niseme kwamba alifikiri kweli, hakutafuta jibu la kujiokoa. "Hapana," alisema. "Walikuwa wanajua kazi."

"Basi uliwaandikia wasioihitaji."

Kunguru akaomba kusema. Alikulia Mombasa, na alieleza kwamba kwao pwani mfereji ni mtaro hasa, na yeye angeusafisha mtaro. Lakini alipofika bara aliwakuta watu wakifungua na kufunga mfereji kwa mkono na kuweka ndoo chini yake. Tumbili alizaliwa Kangema. Neno alilosoma lilikuwa neno lake la kila siku, na alilitii kwa kitambaa na majivu. Kunguru alisema haoni kosa la Tumbili liko wapi.

Fuko akauliza, kwa unyenyekevu, ni fundi gani duniani aliyeambiwa afungue kitu akaelewa kukizungusha tu. Kisha akaongeza jambo lililowafanya wengi wageuze shingo: mwezi uliotangulia aliambiwa na baraza hilo hilo "afunge bomba" kwenye tangi jipya. Alilitia mahali pake, akalikaza, akalipwa. Hakuna aliyemkemea kwa kutolizima. Neno lile lile la mstari wa pili lilikuwa limemlipa mshahara kwa maana nyingine.

Nyati alisema sentensi moja tu: "Mimi ningependa kujua, ningefanya nini tofauti?"

Wakati huo Mbayuwayu alikuwa ametua kwenye tawi, akipumzika safarini, maana mwezi huo jamii yake hurudi kaskazini. Akasema ukoo wao una habari waliyorithi kutoka visiwa vya Kanari, ambako ndege wengi wa safari hupita. Katika kisiwa cha Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, ukungu ulifunika uwanja wa Los Rodeos na ndege mbili kubwa za binadamu, zote Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia bila kuonana. Rubani msaidizi wa KLM alisema kwa redio maneno ambayo kwake yalimaanisha kwamba wanaondoka. Mwongozaji wa ndege aliyasikia kama kwamba wako mahali pa kuondokea, wakingoja. Watu 583 walikufa. "Binadamu hawakuridhika kusema rubani hakujua Kiingereza," alisema Mbayuwayu. "Walilichukua neno la kuruka wakalizuia. Tangu wakati huo hutamkwa pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Kwingine kote hutumia neno lingine."

Akataja na jingine, dogo kwa idadi lakini lililomgusa Mbega zaidi. Mwaka 1989, ndege ya mizigo ikishuka kuelekea Kuala Lumpur, mwongozaji aliitajia kimo cha futi 2,400, akianza na tarakimu 2. Kwa Kiingereza neno la "mbili" na neno la "hadi" hutamkwa sawa. Marubani wakaelewa washuke hadi futi 400. Kilima kilikuwa juu ya hapo. Wote wanne walikufa.

"Ndiyo maana," Mbayuwayu alimaliza, "wanaoandika vitabu vya matengenezo ya ndege huko Ulaya walikaa chini miaka ya themanini wakajiwekea sheria, ikatolewa mwaka 1986, kwamba katika kitabu cha fundi kila neno libebe maana moja. Kwao kitenzi cha kufuata ni kuja nyuma ya kitu, basi. Maagizo hayafuatwi, maagizo hutiiwa. Wamenyang'anya maneno yao wenyewe uhuru mwingi, na lugha yao ikawa kavu ajabu. Lakini fundi wa usiku hapati shida ya kuchagua."

Mbega alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, kwamba Kiswahili ni lugha tajiri, na utajiri wake ni huko neno moja kufanya kazi nyingi. Ni kweli. Mtu hufunga mlango, hufunga safari, hufunga ndoa, hufunga Ramadhani, hufunga goli na hufunga mwizi, na mshairi hujivunia hayo yote, nami pia. Hata hivyo shairi humkuta msomaji amekaa, na likimchanganya atalirudia kesho kwa furaha. Maagizo ya banio humkuta amesimama kwenye matope, taa mkononi, hana wa kumwuliza. Nadhani hapo ndipo waandishi wetu wa vijitabu, wa vibandiko vya dawa za mimea, wa karatasi zinazokuja na mashine za kukamulia, wanapokosea heshima ya kazi. Huandika mchana, wakiwa wameshiba, kwa watu watakaosoma usiku. Kwenye bahasha ya dawa kutoka zahanati huandikwa 1×3, na aliyeandika hana shaka hata kidogo. Bibi aliye peke yake nyumbani na mjukuu mwenye homa ndiye anayebaki kuamua kama ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku au vidonge vitatu kwa mara moja. Dawa hiyo hiyo ya kunywa ina jina moja na dawa ya kunyunyizia kahawa. Tunajua hayo, kisha tunapunguza maneno ili karatasi ipendeze.

Shosho Ndovu alikuwa na kumbukumbu yake pia. Alisimulia jinsi binadamu wa Murang'a walivyobishana kuhusu handaki la karibu kilomita 12 lililochimbwa ili kuchukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka bwawa la Ndakaini kwa ajili ya Nairobi. Wahandisi walieleza kwamba litachukua maji ya mafuriko. Wakulima wakataka kujua mafuriko yanaanzia wapi: yanaanza maji yakifika kwenye jiwe gani? "Lile lilikuwa swali zuri," alisema Shosho. "Mwenye shamba hakuwa anakataa neno. Alikuwa anaomba aoneshwe jiwe."

Akatoa hukumu bila kusimama. Nyati, Pongo, Fuko na Tumbili hawana hatia. Kima hana hatia, na daftari lisahihishwe kwa mkono wa Sungura huyo huyo, kwenye ukurasa huo huo, ili atakayesoma aone kosa na sahihisho pamoja. Mbega hakushtakiwa, kwa hiyo hawezi kuadhibiwa. Lakini banio linajengwa upya, zamu ya usiku haina mtu, na Mbega ataishika hadi mvua ndefu ziishe. Atatumia mwongozo uliopo. Haruhusiwi kutumia anachokikumbuka.

Mbega akashuka. Usiku wa kwanza kijito kilijaa. Alilijua lango, akalishusha. Alikuwa akitumia kumbukumbu na alijua kwamba anavunja sharti, lakini maji yalikuwa mengi. Usiku wa pili mvua ilinyesha kwa nguvu kisha ikapungua ghafla, na akasogea kwenye gogo na kijinga cha moto kuangalia la kufanya. Mvua ikipungua: punguza robo. Lango lilikuwa wazi kiasi, maji yakipita. Apunguze kwa robo, zibaki robo tatu? Au apunguze hadi ibaki robo? Na robo ya nini, ya uwazi wa lango au ya maji yanayopita? Alikuwa ameyaandika mwenyewe maneno hayo, kwa mkono wake, na pale juu ya podo yalikuwa na maana moja iliyo wazi. Alijaribu kuikumbuka maana hiyo. Haikuwepo. Alisimama na kijinga hadi kikazimika, akaliacha lango lilivyokuwa, akakesha akilisikiliza.

Alfajiri hakunguruma. Alikwenda kwa Fuko akamwomba amtembeze mtaro wote, hatua kwa hatua, amtajie kila kitu jina ambalo mafundi hukiita. Ilichukua siku nzima, maana Mbega si mtembeaji. Kisha akaenda kwa Kima, akaomba radhi, na Kima akamjibu kwamba radhi ameipokea lakini angependa zaidi kuona mstari wa pili.

Wote watatu wakauandika mwongozo upya, pamoja na Kunguru kwa ajili ya maneno ya pwani. Neno kima waliliacha kabisa. Walichomeka mti mnyoofu katikati ya kijito, Fuko akaupaka alama nyekundu kwa udongo wa kilima, na mstari ukawa: maji yakigusa alama nyekundu, shusha lango la juu mpaka likae juu ya jiwe. Kufunga na kufungua vikaondolewa katika karatasi yote. Lango likawa la kushushwa na kupandishwa; gurudumu la valvu likawa la kuzungushwa kushoto na kulia; na kile anachokifanya Fuko kwa spana kikaitwa kuvua vipande, akaridhika nacho. Mfereji wa tangini ukawa bomba la kukingia, na Kunguru alipokumbusha kwamba kwao bomba lina maana zake pia, wakachora picha yake pembeni. Kuhusu neno anaweza walibishana hadi jioni. Pongo alitaka kujua kama karatasi inamwambia ana nguvu za kuondoka au ana ruhusa ya kuondoka. Wakaandika: usiondoke kabla mwenzako hajafika na kukujibu kwa jina. Saa wakaiondoa.

Karatasi ikawa ndefu mara nne. Mzee mmoja wa baraza alilalamika kwamba imepoteza uzuri, na Mbega, aliyekuwa na haki ya kusikitika kuliko yeyote, alimjibu kwa upole kwamba ni kweli imepoteza.

Shosho Ndovu alikataa kuipigilia kwenye gogo. Alitaka kwanza isomwe na mnyama ambaye hajawahi kuliona banio, afanye kila kinachosemwa, na waandishi wote wakae kimya nyuma yake wasimsaidie hata kwa kukohoa. Akaletwa binti wa Nungunungu kutoka upande wa Kiriaini. Alisoma mstari wa kwanza, akauona mti wenye alama. Alisoma wa pili, akashusha lango likakaa juu ya jiwe. Alisoma wa tatu, akazungusha gurudumu kushoto, maji yakatoka. Kwenye wa nne alisimama. Mstari ulisema: mvua ikiisha, pandisha lango nusu.

"Nusu ya lango," aliuliza, "au nusu ya pale lilipokuwa?"

Hakuna aliyemjibu, kama walivyoagizwa. Mbega alimtazama Kima, Kima akamtazama Fuko. Kisha Mbega akateremka mtaroni, matope yakaloanisha pindo jeupe la joho lake, akapima kwa kiganja kutoka jiwe kwenda juu, akamwambia Fuko alete udongo mwekundu.